Kitochi cha 4G na Sikio la Mama

Msomaji wa Dongobesh anauliza mama yake mzee anunuliwe simu gani. Sauti ameshaiweka mwisho, spika inanguruma, na mama bado anamwambia: "Nakusikia mwanangu, ila sikuelewi." Vitufe vikubwa, tochi na betri ya kukaa siku nyingi, muuzaji yeyote pale Katesh atakuonyesha. Kauli hiyo ya mama ndiyo yenye kazi.

Irabu kama o na u zina nguvu kwenye sauti nzito. S iko juu kabisa, sehemu kubwa ya mkwaruzo wake ikipita hezi 4,000, yaani mawimbi 4,000 kwa sekunde. Simu ya 2G hupima wimbi la sauti mara 8,000 kwa sekunde. Kila wimbi linadai vipimo viwili angalau, cha kupanda na cha kushuka, kwa hiyo lolote linalozidi hezi 4,000 halibebeki. Simu yenyewe hukata mapema zaidi, kwenye 3,400 hivi. "Sisi" inafika ikikaribia kuwa "fisi", na ubongo unabahatisha. Kwa Kiiraqw, lugha ya huko Dongobesh, ni vigumu zaidi: ile sl ya slee, yaani ng'ombe, inatengana na s kwa mkwaruzo huohuo wa juu.

Sikio la uzeeni nalo hupunguza upande uleule, kwani seli zinazopokea sauti nyembamba, pale mwanzoni mwa koklea, mrija uliojiviringa ndani ya sikio, ndizo hutangulia kufa, na hazioti tena. Fikiria ngano ya Basotu ikipita machekeche mawili. Sauti nyembamba ndizo punje nene. Chekeche la kwanza, simu, linazuia punje nene zote. La pili, sikio, matundu yamesinyaa, linazuia hata za wastani. Ukiongeza sauti unamwaga debe jingine juu ya machekeche yaleyale: chini chenga zinajaa, punje nene zimekwama palepale. Ndiyo maana naumia nikisikia mzee anafokewa kwenye simu, kisha anaambiwa akili imechoka. Sikio hatuwezi kulirudisha ujanani, lakini chekeche la kwanza linabadilishwa.

Simu inayopigwa kwa 4G, yaani VoLTE, hupima mara 16,000 na kupitisha hadi hezi 7,000 hivi. Mafundi wanaiita HD. Mimi naiita sauti pana, kwa kuwa kinachopanuka ni tundu.

Basi mnunulie mama kitochi cha 4G chenye VoLTE, vitufe vilevile alivyozoea. Laini iwe ya 4G, na wewe unayepiga uwe na simu na laini ya namna hiyo pia. Mnara wa 4G usipofika, simu inarudi kwenye njia ya zamani. Kabla ya kulipa, toka nje ya duka umpigie, akiwa hakuoni mdomo, umtajie sisi, fisi, slee, naye arudie. Akichanganya bado, aangaliwe masikio hospitalini kwanza, huenda ni nta tu.