Mama Asiyenyamaza



Katika Mathayo 15 twasoma habari za mama Mkanaani aliyemlilia Yesu kwa ajili ya binti yake. Wanafunzi walitaka aondolewe, yeye hakunyamaza.

Leo twamfikiri mzazi wa visiwa vya Lamu mwenye mtoto wa usonji. Huenda mtoto hasemi, haitiki aitwapo, au mlio wa injini ya boti humtesa. Usonji si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni namna ubongo ulivyokua. Mtoto huyu hufundishika, hasa akisaidiwa mapema.

Lakini kutoka Faza mpaka mji wa Lamu ni safari ya bahari, na mzazi aliye peke yake huchoka. Wazazi wakiungana husikiwa. Mwaka 2003 wazazi wa Kenya walianzisha chama chao cha usonji. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 54, humpa mwenye ulemavu haki ya heshima na ya elimu. Basi mzazi amwendeaye mwalimu mkuu au chifu haombi sadaka, anadai haki.

Nasi washirika je? Tusiulize ni nani aliyetenda dhambi. Bwana alikwisha kulijibu swali hilo katika Yohana 9. Tumpe mtoto nafasi ibadani hata akipiga kelele, na tufuatane na mama yake mpaka ofisini.

Wanafunzi walitaka kumfukuza mama yule, Bwana alimsikiliza. Sisi tu upande gani?

Bwana awabariki. Amina.