Kufuta Jahazi na Kusahau Amari

Katika lugha nyingi za kompyuta mwandishi wa programu huamuru hatua kwa hatua, lakini zipo lugha za kanuni, ambazo ndani yake huweka hakika katika daftari moja la kumbukumbu, kisha akaweka kanuni zisemazo: yakiwapo haya, tenda yale, na mashine yenyewe ndiyo itazamayo ni kanuni ipi ambayo masharti yake yametimia. Mojawapo ya lugha hizo ni CLIPS, iliyoanza kuundwa mwaka 1985 katika kituo cha Johnson cha shirika la NASA, huko Houston, Marekani.

Natutwae mfano wa bandari. Daftari lina hakika tatu: kwamba lipo jahazi liitwalo Nuru, kwamba amari ya Nuru imefungwa kwenye gati la 3, na kwamba gati la 3 halina nafasi, hakika hii ya mwisho ikiwa haikuandikwa na mtu bali imezaliwa na kanuni. Jahazi likisafiri, twatoa amri ya retract, na hakika ya kwanza hutoweka. Aliye mgeni wa lugha hii hudhani kazi imekwisha, kumbe CLIPS imefuta kile tu ilichoambiwa: amari ingali imefungwa, gati lingali limejaa, na kila chombo kijacho hurudishwa baharini kwa ajili ya jahazi lisilokuwapo.

Dawa ni mbili, kwani maradhi ni mawili. Hakika iliyozaliwa na kanuni hutibiwa kwa neno logical, litiwalo mwanzoni mwa masharti, ambalo huifanya natija itegemee sababu zake. Sababu ikiondoka, natija nayo huanguka yenyewe, illa ikiwa ina tegemeo jingine, au iliwahi kuandikwa pasipo sharti lolote. Amma hakika iliyoandikwa kwa mkono, kama ile ya amari, haina cha kutegemea, nayo yahitaji kanuni ya kufagia: ukikuta amari ambayo chombo chake hakimo daftarini, ifute, na amari ikifutwa, natija ya gati kujaa, iliyoitegemea, huondoka pamoja nayo.

Walakini fagio hilo lina hatari yake, kwa kuwa halijui kupambanua baina ya chombo kilichokwisha ondoka na kile ambacho jina lake halijaandikwa bado. Kwake vyote viwili havimo. Programu ikiandika amari kabla ya chombo, hali kanuni zinaendelea kutenda, amari halali yaweza kuzolewa. Basi wakati wa kuingiza, andika chombo kwanza, kisha amari. Na wakati wa kutoa, fungua amari kwanza, kisha ufute chombo. Na mwenye shaka atoe amri ya facts, ambayo huorodhesha daftari zima, asome mstari kwa mstari, atazame kama jina alilolifuta lingali limetajwa popote.