Mfadhili akinyamaza, karo ya chuo ni deni la nani?

ARUA: Mfanyabiashara anayevuka Vurra au Oraba anajua hatari ya mali kauli. Unamwachia mteja wa Ariwara magunia, naye anakuambia kwamba shemeji yake wa Bunia ndiye atakayelipa. Shemeji akizima simu, humfuati Bunia. Unarudi kwa aliyepokea magunia.

Vyuo navyo hupiga hesabu hiyo hiyo, na wazazi wengi wa Mvara na Koboko huijua siku mtoto anapozuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Huku West Nile, karo mara nyingi hutegemea mtu wa tatu: mjomba mwenye duka Juba, kanisa, au shirika linalofanya kazi katika makambi ya wakimbizi. Mtu huyo anaweza kukwama bila nia mbaya. Desemba 2015 Sudan Kusini iliiachia pauni yake ijitafutie bei sokoni, ikaporomoka. Mjomba aliyeuza kwa pauni akashindwa kufikia karo ya shilingi. Julai 2016 mapigano ya Juba yaliwakimbiza wafanyabiashara wengi wa Uganda, mali zikabaki nyuma. Januari 20, 2025, Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi mingi haikufufuka tena.

Mfadhili si mdhamini

Kiswahili chetu huchanganya maneno haya mawili, lakini sheria huyatenganisha. Mfadhili hutoa kwa hisani. Mdhamini hujifunga kulipa iwapo mdaiwa atashindwa.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wa dhamana uwe wa maandishi. Mkataba wowote unaozidi shilingi 500,000 nao lazima uandikwe. Kwa hiyo mjomba aliyesema mbele ya ukoo, "Huyu niachieni mimi," hajawa mdaiwa wa chuo. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini mahakama huuliza karatasi iko wapi, na mtoa ahadi alipata nini badala yake.

Mwanafunzi mwenye miaka 18 anayesaini fomu za kujiunga ndiye aliyefanya mkataba na chuo. Mfadhili akikwama, ankara humrudia yeye. Mzazi naye hudaiwa ikiwa alisaini kuahidi malipo. Baba aliyesaini mahali palipoandikwa "mdhamini" akidhani ni utambulisho tu, amejitia kitanzi: kwa kawaida dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa mwenyewe.

Mambo hubadilika pale mfadhili anapokiandikia chuo moja kwa moja, akataja kiasi na muda, na chuo kikakubali kumtumia ankara. Hapo chuo kina mtu mwingine wa kumdai. Hata hivyo, barua hiyo haimwondolei mwanafunzi deni mpaka iseme hivyo waziwazi.

Kabla ya kusaini

Mwombe mfadhili barua inayotaja mihula, kiasi, sarafu, na notisi atakayotoa kabla ya kujitoa. Nakala moja ipelekwe kwa mhasibu wa chuo, nyingine ibaki nyumbani. Pesa ziingie akaunti ya chuo, na risiti zitunzwe.

Muhula ukianza bila malipo, usingoje wiki ya mitihani. Nenda kwa mhasibu mapema, omba kulipa kwa awamu, na makubaliano yaandikwe. Ikishindikana, mwanafunzi aombe kusimamisha masomo kwa maandishi. Akiondoka kimya kimya, deni linaweza kuendelea kukua, na cheti kikazuiliwa.

Mjomba naye asifichwe wala asitukanwe. Aliyekwama mwaka huu huenda akasimama mwakani, na mlango wa ukoo uliofungwa kwa matusi ni mgumu kufunguka. Lakini mzazi anayemwachia mtu mwingine karo yote afanye kama afanyavyo sokoni: aweke kando akiba ya muhula mmoja, kwa ajili ya siku ambayo simu ya Juba haitapokelewa.