Galveston: Kisiwa cha Texas kilichoinuliwa kwa jeki, na unachoweza kuona ukifika

Ukipita barabara ya Broadway mjini Galveston, Texas, utazame uzio wa chuma ulio mbele ya jumba la Ashton Villa. Ni mfupi kuliko unavyotarajia kwenye nyumba ya kitajiri namna ile. Lakini haukujengwa mfupi. Sehemu yake ya chini imefukiwa ardhini, na chumba cha chini cha jumba hilo la mwaka 1859 nacho kilijazwa mchanga.

Ukishajua kwa nini ulifukiwa, kisiwa kizima utakiangalia kwa jicho jingine.

Galveston ni kisiwa chembamba, urefu wa kama kilomita 43, upana usiozidi kilomita 5, kwenye Ghuba ya Mexico. Kiko umbali wa takribani kilomita 80 kutoka Houston, kwa hiyo Wakenya, Watanzania na Wakongomani wanaoishi jiji hilo hufika kwa gari ndani ya saa moja hivi, barabara ikiwa haina foleni.

Wengi huenda kwa ajili ya ufukwe. Kusema kweli, kama umezoea Diani au Nungwi, ufukwe huu hautakushangaza. Maji mara nyingi ni ya kahawia kwa sababu ya udongo unaoletwa na mito. Kinacholipa safari ni historia.

Nini kilitokea mwaka 1900?

Mwishoni mwa karne ya 19 Galveston ulikuwa miongoni mwa miji tajiri zaidi Texas. Bandari yake ilisafirisha pamba kwenda Ulaya, na mtaa wa Strand ulijaa mabenki na maghala. Tatizo moja tu: sehemu ya juu kabisa ya mji haikufika hata mita 3 kutoka usawa wa bahari.

Onyo lilikuwepo. Mji wa Indianola, kwenye pwani hiyohiyo, ulipigwa na vimbunga mwaka 1875 na tena 1886, watu wakauhama. Baadhi ya wakazi wa Galveston wakataka ujengwe ukuta. Haukujengwa. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa kisiwani, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuuangamiza mji huo ni upuuzi.

Septemba 8, 1900, bahari ilipanda zaidi ya mita 4.5. Mji ulikuwa na watu wapatao 38,000. Makadirio ya waliokufa huanzia 6,000 hadi 12,000, na idadi inayotajwa zaidi ni 8,000. Mpaka leo hakuna janga la asili lililoua watu wengi zaidi katika historia ya Marekani. Mke wa Cline, aliyekuwa mjamzito, alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Kwenye kituo cha watoto yatima cha St. Mary's, masista walijifunga watoto viunoni kwa kamba za kuanikia nguo ili maji yasiwatenganishe. Masista wote 10 walikufa, pamoja na watoto 90. Wavulana watatu tu ndio walionusurika. Leo kuna kibao cha kumbukumbu karibu na mahali hapo, kando ya bahari kwenye mtaa wa 69. Watu wengi hupita na baiskeli bila kukisoma.

Ukuta na mji ulionyanyuliwa

Baada ya msiba, wakazi walikuwa na njia mbili: kuhama au kupambana na bahari. Waliobaki walianza kujenga ukuta wa zege mwaka 1902, na sehemu ya kwanza ikakamilika 1904. Una kimo cha zaidi ya mita 5, na uso wake umepinda ili wimbi likigonga lirudishwe juu na nyuma. Uliongezwa kidogokidogo, sasa unafika kilomita 16. Juu yake ni njia ya kutembea, bure kabisa, nzuri zaidi alfajiri kabla jua halijawaka.

Ukuta peke yake haukutosha, kwa sababu mji ulikuwa chini mno. Wahandisi wakaamua jambo ambalo hata leo ni gumu kuamini: kuuinua mji wenyewe.

Walifanyaje? Nyumba iliwekewa jeki chini ya msingi. Mafundi walizizungusha kwa mkono, zote kwa pamoja, polepole, nyumba ikapanda. Kisha mchanga uliochanganywa na maji ya bahari ulipitishwa kwenye mabomba na kumwagwa chini yake. Maji yakatiririka, mchanga ukabaki. Karibu na ukuta waliujaza kwa mita kadhaa, kisha kina kikapungua kuelekea upande wa pili wa kisiwa.

Zaidi ya majengo 2,000 yaliinuliwa hivyo. Kanisa la St. Patrick's, lenye uzito wa tani 3,000, lilipandishwa mita moja na nusu kwa jeki zipatazo 700. Kazi nzima iliisha mwaka 1911. Miaka yote hiyo watu waliishi humohumo, wakipita juu ya vijia vya mbao.

Serikali ililipia mchanga. Gharama ya kuinua nyumba ilikuwa juu ya mwenye nyumba. Asiyeweza alifukiwa sehemu ya chini ya nyumba yake na kuendelea na maisha. Ndiyo maana unapotembea mitaa ya zamani, ni vizuri kutazama chini mara kwa mara: uzio mfupi mno, au dirisha linalogusa ardhi.

Jumba ambalo halikuhitaji msaada huo ni Bishop's Palace, pia kwenye Broadway. Lilijengwa kwa mawe kati ya 1887 na 1892, likasimama imara usiku ule na kuhifadhi manusura. Kwa ndani utaona ngazi na mbao zilizochongwa kwa ustadi mkubwa. Kama una hela ya kiingilio kimoja tu, itumie hapa.

Juneteenth ilianzia hapa

Nenda kona ya Strand na mtaa wa 22. Utakuta maegesho ya magari, na juu yake mchoro mkubwa wa ukutani uliozinduliwa mwaka 2021. Jengo lililokuwa hapo halipo tena, lakini ndipo palipokuwa makao ya Jenerali Gordon Granger alipotoa Amri Namba 3, Juni 19, 1865: watumwa wote wa Texas wako huru.

Rais Abraham Lincoln alikuwa ametangaza uhuru wao Januari 1, 1863, yaani miaka miwili na nusu kabla. Husemwa kwamba habari zilichelewa kufika. Hiyo ni nusu tu ya ukweli, maana wamiliki wengi walijua. Kilichokosekana ni jeshi la kuwalazimisha watii. Watu wapatao 250,000 waliendelea kufanyishwa kazi bila malipo, wengine wakavuna pamba msimu baada ya msimu, huku kisheria wakiwa tayari huru.

Amri yenyewe ilikuwa na mawili ndani yake. Ilitangaza usawa kamili wa haki kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa, halafu papo hapo ikawashauri walioachiwa wabaki walipo na wafanye kazi kwa ujira. Mwaka 2021 siku hiyo ilifanywa sikukuu ya taifa.

Kanisa la Reedy Chapel, kwenye Broadway, ni la waumini weusi ambao mwanzo wao ni mwaka 1848, wakati wa utumwa. Bado lina ibada. Ukiingia Jumapili, ingia kama mwumini, simu weka mfukoni.

Kabla hujaondoka

Bandarini kuna Elissa, meli ya matanga yenye milingoti mitatu, iliyoundwa Scotland mwaka 1877 na kuokolewa Ugiriki ikiwa karibu kukatwa vyuma chakavu. Mitaani utaona sanamu za mbwa, ndege na malaika zilizochongwa kwenye mashina ya miti. Hiyo ni miti iliyouawa na maji ya chumvi ya kimbunga Ike, Septemba 2008.

Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba, na Julai na Agosti joto lake ni la kuchosha. Machi na Aprili ni nafuu kwa wenye watoto.

Mwisho panda feri ya kwenda rasi ya Bolivar. Haina nauli, huchukua kama dakika 20, na pomboo huonekana mara nyingi. Ng'ambo kuna mnara mweusi wa taa ambako watu wapatao 125 walijificha kwenye ngazi zake usiku ule wa 1900. Na mlango huo wa ghuba ambao feri inaukatiza ndipo panapopangwa kujengwa malango makubwa ya kuzuia bahari, mradi ambao Bunge la Marekani liliuidhinisha mwaka 2022.