Vidole vya Wakulima wa Ufipa Mbele ya Mashine

Jembe halijawahi kuelewana na mashine ya alama za vidole. Kwenye uwanda wa Ufipa, unaozunguka mji wa Sumbawanga, Mfipa amelima miaka mingi kwa kufukia nyasi ndani ya matuta ya udongo ili zioze na kurutubisha zao linalofuata. Kazi hiyo hula mpini, na hula pia ngozi ya vidole.

Mistari ya vidole hukamilika mtoto akiwa bado tumboni, na hata pacha wa kufanana hutofautiana. Kompyuta huangalia hasa mahali mstari unapokatika au kugawanyika, kisha hupima nafasi na mwelekeo wa kila alama. Mistari ikisagika, alama hizo hupotea. Ngozi ikipasuka, nyufa huzaa nyingine za uongo. Halafu kuna baridi kavu ya Juni na Julai. Mashine nyingi zina kioo kinachomulikwa kwa ndani: ngozi inapogusa kioo mwanga hupotea, na penye hewa hurudi kwenye kamera. Ngozi kavu haishiki kioo vizuri, na picha hutoka vipandevipande.

NIDA, Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa ya Tanzania iliyoanzishwa mwaka 2008, huchukua alama za vidole vyote kumi. Ni busara: kimoja kikigoma, kingine kitajibu. Lakini hata kinachosomeka hakipati jibu la ndiyo au hapana. Mfumo hutoa kiwango cha kufanana, na fundi ndiye aliyeamua mapema mpaka wa kukubali. Akiushusha, tapeli hupita. Akiupandisha, mwenye kitambulisho chake hukataliwa. Hakuna mpaka unaoondoa makosa yote mawili.

Wataalamu hupenda kuita kukataliwa huko usumbufu. Sikubaliani nao. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 2019 na makataa yakasogezwa hadi Januari 20, 2020. Aliyeshindwa alijua laini itazimwa, na laini ndiyo benki ya kijijini. Tangu msimu wa 2022/23 mbolea ya ruzuku nayo hupitia kwenye usajili wa mkulima na ujumbe wa simu. Kidole kikikataa kwa wakala wa laini, hasara huonekana shambani.

Kadi yenyewe ya kitambulisho ni imara zaidi. Chipu huweza kubeba taarifa zilizotiwa saini ya kidijitali, na anayeghushi picha na maandishi hawezi kuighushi saini hiyo bila ufunguo wa siri wa aliyeitoa. Ila lazima kuwe na mtu wa kuisoma chipu. Ofisi inayopokea fotokopi imeutupa ulinzi wote huo kapuni (na fotokopi bado zinapendwa mno).

India, ilipojenga mfumo wake wa Aadhaar, iliongeza mboni za macho juu ya vidole kumi, kwa kuwa jembe na saruji haziharibu mboni. Ni njia nzuri, yenye gharama ya vifaa. Ipo nafuu ya bei rahisi pia: mchoro wa mistari umejengwa kwenye tabaka la chini la ngozi, hivyo kidole kilichosagika, kikipumzishwa wiki chache, hurudisha mistari ileile. Baada ya mavuno basi ndio wakati wa kusajili Ufipa, na kwa kuwa ndio wakati wa baridi kavu, afisa aweke mezani mafuta ya kupaka na kitambaa cha kufutia kabla hajamwambia mtu arudi kesho.