Kompyuta ya Tawi Ikiwa Giza Baada ya Kutiwa Linux Mpya



Baadhi ya matawi yetu sasa yana kompyuta ya mkononi, na mengine yameitia Linux kwa kuwa haina malipo ya leseni na huenda vizuri hata katika mashine kuukuu. Tawi letu la shamba la chai lilipata mkasa wa kompyuta hiyo ambao yafaa wenzetu waujue, maana ulikaribia kutugharimu shilingi 350,000 na mkutano wetu na mwajiri.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na hesabu ya kilo za majani za miezi minne, tulizozinakili kutoka katika vikaratasi vya mizani vya wachumaji wenyewe. Kwa hesabu hiyo tulitaka kuonyesha kwamba makato ya maji na uzito wa kikapu yanapita yale tuliyokubaliana. Ijumaa jioni katibu wa tawi aliiruhusu kompyuta ijipandishe toleo jipya. Ilipowaka tena, kioo kilikuwa cheusi tititi. Mkutano ulikuwa Jumatatu. Fundi wa mjini aliitazama dakika mbili, akasema kioo kimekufa na pengine hesabu nazo zimepotea. Akataja bei yake.

Alikosea yote mawili. Tulipowasha kompyuta mbele yake, jina la mtengenezaji lilionekana kiooni kwa sekunde chache kabla ya giza kuingia. Jina hilo huonyeshwa na mashine yenyewe, kabla Linux haijaanza kazi. Kioo kilichokufa kingewezaje kulionyesha? Basi, ndugu, kabla hujatoa hata senti moja, tazama sekunde hizo za mwanzo. Usipoona kitu, mulika kioo kwa tochi kutoka upande. Ukiona picha hafifu, kinachokosekana ni mwanga wa nyuma ya kioo. Bonyeza vitufe vya kuongeza mwanga kwanza. Usipoona chochote hata kwa tochi, hapo ndipo maneno ya fundi huenda yana haki.

Linux ina kiini chake, ambacho mafundi hukiita kerneli. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Kiini hicho ndicho kinachoamrisha vyombo vyote vya kompyuta, na kioo kimojawapo, kwa msaada wa programu ndogo inayoitwa kiendeshi. Toleo jipya huleta kiini kipya, na mara nyingine kiendeshi cha zamani hakipatani nacho. Kwa kadi za picha za NVIDIA jambo hili ni la kawaida, kwani kiendeshi chake hutoka kwa kampuni, nacho lazima kiundwe upya kwa kila kiini. Ni kama kufunga injini mpya kiwandani na kuacha mkanda usioenea: injini yazunguka, mashine imesimama. Majani yaliyomo ndani hayajapata hasara yoyote.

Dawa ya kwanza haihitaji bisibisi. Linux za jamii ya Ubuntu kwa kawaida hazitupi kiini cha zamani zinapoleta kipya. Zima kompyuta, iwashe, na mara jina la mtengenezaji linapopita gusa kitufe cha Esc. Kwa mashine za zamani zaidi, shikilia Shift. Usigonge Esc kwa pupa, utaipita orodha. Ikitokea hivyo, zima uanze tena. Katika orodha itakayotokea chagua mstari unaoanza na "Advanced options", kisha kiini chenye namba ndogo zaidi, usichukue ule wenye maneno "recovery mode". Sisi tulifanya hivyo Jumamosi asubuhi, na picha ikarudi. Katibu alikaa kimya kitambo, kisha akaomba chai.

Kama kiini cha zamani hakisaidii, simama juu ya mstari wa kwanza wa orodha ile ile, bonyeza herufi e, utafute mstari unaoanza na neno linux. Mwishoni mwake acha nafasi, andika nomodeset, kisha bonyeza F10. Neno hilo hukiamuru kiini kisijaribu kupanga kioo kwa akili yake. Picha itakuwa na sura mbaya na mambo yatakwenda polepole, lakini utaona unachofanya. Amri hii ni ya safari moja tu, ukizima, imekwisha.

Hapo nakili kwanza faili zote za tawi kwenye flashi. Matengenezo ni baadaye. Kisha fungua dirisha la kuandikia amri. Kama umeme ulikatika katikati ya kupandisha toleo, jambo ambalo huku kwetu si geni, andika sudo dpkg --configure -a ili kazi iliyokatika imaliziwe. Kama kadi ni ya NVIDIA, andika sudo ubuntu-drivers install, nayo itatafuta kiendeshi kinachofaa. Amri hii yahitaji intaneti. Kompyuta itakuuliza neno la siri, na unapoliandika huenda usione hata nukta moja. Endelea tu, linaingia.

Kwetu haikuwa NVIDIA, wala umeme haukukatika. Tulikaa na kiini cha zamani wiki tatu, tukikichagua kwa mkono kila asubuhi, mpaka kilipokuja kiini kingine kilichopatana na kioo. Hesabu ya kilo tuliichapisha Jumamosi ile ile, nakala tatu, na moja ilikuwa mezani mbele ya mwajiri siku ya Jumatatu.