Gilasi Moja Katika Ndoo ya Lita 20

Tangu 2010, Umoja wa Ulaya, kwa Agizo 2004/42, hauruhusu rangi isiyong'aa ya kuta za ndani kuzidi gramu 30 za viyeyusho vinavyopaa hewani kwa kila lita. Kikomo cha 2007 kilikuwa gramu 75 kwa rangi ya maji na 400 kwa ile ya viyeyusho. Kuta za chumba zenye mita 35 za mraba hula takriban lita 7 kwa koti mbili. Kwa kikomo cha 400, hewa ya chumba hicho ingepokea hadi kilo 2.8 za viyeyusho. Kwa kikomo cha sasa, gramu 210.

Hesabu ngumu iko kwenye uimara. Maji yakikauka, chembe za resini lazima zishikane ziwe utando mmoja. Chembe ngumu hazishikani bila kulainishwa. Zikiwa laini mno, ukuta hunata na kudaka vumbi. Ndiyo maana hutumika chembe ngumu pamoja na kilainishi cha kuzilainisha hadi zishikane. Tuseme lita moja ina gramu 210 za resini kavu: kilainishi cha asilimia 5 yake ni gramu 10.5. Kwa ndoo ya lita 20 ni gramu 210, ujazo wa gilasi moja ya maji.

Lakini Texanol, kilainishi maarufu, huchemka kwenye nyuzi 254 hivi za Selsiasi, nayo sheria hiyo ya Ulaya huhesabu vinavyochemka hadi nyuzi 250 tu. Hakihesabiwi, ingawa nacho hupaa polepole. Viongezeo vinavyobaki ndani ya utando ndivyo suluhisho la kweli.

Uimara hupimwa kwa kusugua. Kwa kiwango cha EN 13300, rangi ya daraja la 1 hupoteza chini ya maikromita 5 baada ya misuguo 200. Ya daraja la 3 yaweza kupoteza 20 hadi karibu 70. Koti mbili zikikauka huwa na unene wa maikromita 80 hivi.

Tufanye mfano: ndoo ya shilingi 100,000 inadumu miaka 4, yaani 25,000 kwa mwaka. Viongezeo bora vikipandisha bei hadi 110,000 na ukuta ukadumu miaka 6, gharama hushuka hadi takriban 18,300 kwa mwaka.

Kwa hiyo, dukani usiulize bei peke yake. Uliza gramu kwa lita, na daraja la kusuguliwa. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mwache na ndoo yake.